Cherero Yupi? Ugumu wa Kumtambua Ndege Chotara

Kando ya Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna ndege mdogo wa kijani anayewashinda hata watu waliozoea kutaja ndege kwa majina bila kufungua kitabu. Ni cherero, yule kasuku mdogo mwenye mkia mfupi ambaye mijini huuzwa wawili wawili kizimbani. Urefu wake ni sentimita 15 hivi, mdomo wake ni mwekundu, na jicho lake limezungukwa na ngozi nyeupe isiyo na manyoya, duara linaloonekana hata ndege akiwa juu mtini.

Kumjua kuwa ni cherero si kazi. Mtoto akionyeshwa mara moja hatamsahau. Kazi ni swali linalofuata: ni cherero yupi?

Simama asubuhi chini ya migunga mirefu yenye maganda ya manjano inayoota karibu na ziwa. Utawasikia kabla hujawaona. Sauti zao ni nyembamba, kali, za kukatakata, na kundi zima hupita kwa kasi likipiga kelele. Wakishatua, elekeza darubini kwa mmoja mmoja. Wa kwanza ana paji la uso na mashavu ya rangi ya machungwa iliyokolea, na rangi hiyo inafifia kadiri inavyoshuka kifuani mpaka inakuwa manjano. Huyo unaweza kusema unamjua. Wa pili, aliye kwenye tawi lile lile, paji lake lina weusi uliochanganyika na kahawia, lakini koo lake ni la machungwa. Wa tatu kichwa chake hakieleweki kama ni cha kijivu au cha kijani kilichofifia, na nyuma ya shingo ana ukosi wa manjano ulioanza kisha ukakatikia njiani. Unafungua kitabu cha ndege, unatafuta ukurasa wa kasuku, unatazama tena juu, unarudi kitabuni. Wa pili na wa tatu hawamo.

Hawamo kwa sababu kitabu huchora spishi, na ndege hao wawili si wa spishi moja. Ni machotara. Wazazi wao, au babu zao, walitoka katika spishi mbili tofauti za cherero, na zote mbili kwao ni Tanzania.

Basi twende Tanzania kwanza, maana bila kuwajua wazazi hatutamjua mtoto. Kaskazini mwa nchi, kuanzia Serengeti na kuendelea katika nyanda zilizo kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, yupo cherero wa Fischer. Huyu ndiye mwenye uso wa machungwa. Juu ya mkia wake, pale mabawa yanapokutana akiwa ametulia, ana manyoya ya buluu ambayo huonekana vizuri zaidi akiruka. Katikati ya nchi, Tarangire, Dodoma, na kushuka hadi pande za Ruaha, yupo mwenzake mwenye kichwa cheusi na ukosi mpana wa manjano unaozunguka shingo na kushuka kifuani. Nitamwita cherero kichwa-cheusi. Ukiwaweka wawili hawa bega kwa bega, hata asiye na darubini atawatofautisha. Kwa asili kila mmoja ana nchi yake.

Spishi hizi mbili zilielezwa kisayansi mwaka mmoja, 1887, na mtu mmoja, Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin. Ya kwanza aliipa jina la daktari na msafiri wa Kijerumani, Gustav Fischer, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Na hapa historia ina jambo la kushangaza. Fischer huyo huyo alifika Naivasha mwaka 1883, akiwa miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kabisa kuliona ziwa hilo, na hadi leo ule mnara wa mwamba ulio katika hifadhi ya Hell's Gate, jirani na ziwa, unaitwa kwa jina lake. Lakini cherero anayebeba jina lake hakumkuta pale. Wakati ule Naivasha haikuwa na cherero wa aina yoyote kati ya hizi mbili.

Walifikaje? Walifika kwa mikono ya watu. Cherero wa Tanzania walinaswa kwa wingi mno katika karne iliyopita ili wauzwe kama ndege wa kufugwa. Mwaka 1987 cherero wa Fischer ndiye aliyeongoza katika biashara ya kimataifa ya ndege wa porini. Hakuna ndege mwingine wa mwituni aliyeuzwa kwa wingi kumzidi. Ndege wanaponaswa na kusafirishwa kwa wingi namna hiyo, wapo wanaotoroka, na wapo wanaoachiwa na wenyewe walipochoka kuwalisha. Ndiyo maana cherero wanaoishi huru mbali na kwao wameonekana Naivasha, Nairobi, Mombasa na kwingineko pwani. Kule Naivasha walikuta miti yenye matundu na chakula cha kutosha, wakakaa. Na kwa kuwa wa Fischer na kichwa-cheusi walijikuta mahali pamoja, wachache wakiwa ugenini, walioana.

Hapo ndipo tatizo la jina lilipozaliwa, na nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani chotara ni rahisi kumtambua: nusu kwa nusu, kichwa cha baba na kifua cha mama. Mambo hayako hivyo. Mtoto wa kwanza wa cherero wa Fischer na kichwa-cheusi kweli huwa katikati: kichwa cha kahawia iliyokolea, machungwa kidogo kooni, ukosi usiokamilika. Lakini mtoto huyo si tasa. Atakua, atapata mwenzi, na mwenzi huyo huenda akawa wa Fischer halisi. Watoto wao watakuwa na robo tu ya kichwa-cheusi. Wakiendelea kuoana na wa Fischer, vizazi vichache baadaye unapata ndege mwenye uso wa machungwa safi, ambaye macho yako na yangu hayawezi kuona alama yoyote ya yule babu. Damu ya kichwa-cheusi anayo, ila manyoya hayasemi.

Mfugaji wa ng'ombe chotara yuko salama kuliko mtazama ndege, maana yeye anajua dume lilitoka wapi na mama ni yupi, na ana daftari. Kwenye mgunga wa Naivasha hakuna daftari.

Sasa ongeza magumu mengine ambayo hayahusu uchotara hata kidogo. Dume na jike wa cherero hawa wanafanana, kwa hiyo huwezi kutumia jinsia kueleza tofauti unayoiona. Kinda wa Fischer aliyetoka kiotini juzi rangi zake zimefifia na shina la mdomo lina weusi. Mtu mwenye haraka atamwita chotara wakati ni mtoto halisi wa wazazi halisi. Ndege mzima anayebadilisha manyoya naye huwa na mabaka. Halafu kuna mwanga. Jua la saa moja asubuhi hutia kila kitu umanjano. Jua la saa sita likiwa nyuma ya ndege hufanya kila kichwa kiwe cheusi. Nimewahi kusimama na watu wawili makini, kila mmoja na darubini nzuri, wakamtazama cherero yule yule kwa pande mbili za mti na wakatoa majina mawili. Wote wawili walikuwa wakisema kweli juu ya walichokiona.

Je, tabia haiwezi kutusaidia pale rangi inaposhindwa? Wakati mwingine inaweza, na katika jamii hii ya cherero kuna jaribio moja ambalo naliona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyowahi kuandikwa juu ya ndege. Lilifanywa na William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1962. Dilger alimzalisha cherero wa Fischer na cherero mwingine mwenye uso wa waridi, wa nchi kame za Namibia na Angola. Cherero wa Fischer akijenga kiota hubeba kijiti au ukanda wa jani mdomoni, kimoja kimoja. Yule wa uso wa waridi ana ujuzi mwingine: hukata ukanda kwa mdomo, akageuza kichwa, akauchomeka katikati ya manyoya ya kiunoni, akaongeza wa pili na wa tatu, kisha akaruka na mzigo wote mgongoni.

Chotara wao alirithi yote mawili, na hakuweza lolote kati ya hayo vizuri. Alikata ukanda. Akageuza kichwa kuuchomeka. Akausukuma katika manyoya, lakini hakuuachia, akauvuta tena. Au aliuachia mahali pasipo pake ukaanguka. Alirudia na kurudia. Alifanikiwa pale tu alipoishia kuubeba mdomoni, na ilimchukua hadi miaka 3 kuzoea kubeba mdomoni karibu kila mara. Hata baada ya hapo, kabla ya kuruka, bado aligeuza kichwa kuelekea kiunoni, kana kwamba mwili unakumbuka jambo ambalo ndege mwenyewe ameshaliacha.

Kwa ndege kama huyo, mtu akimtazama akijenga angejua mara moja kuwa ni chotara, hata kama manyoya yangemdanganya. Lakini kwa cherero wa Naivasha njia hiyo imefungwa. Wa Fischer na kichwa-cheusi wote wawili hubeba mdomoni, wote wana duara jeupe la jicho, wote ni ndugu wa karibu kiasi kwamba watoto wao huzaa bila shida. Ukaribu wao wa ukoo ndio unaofanya machotara wao wawe wengi, na ndio huo huo unaotunyima alama za kuwajulia. Yule chotara wa Dilger alikuwa tasa. Ukoo wake uliishia kwake. Wa Naivasha wanaendelea.

Kwa hakika kamili, inabaki maabara: tone la damu au unyoya, na uchunguzi wa vinasaba. Mimi sina maabara mfukoni, na wewe huna. Kwa hiyo lazima tuamue tutaandika nini katika daftari letu tukiwa na macho tu.

Mwingine atauliza, kwani kuna hasara gani? Cherero ni cherero, anapendeza, mwite wa Fischer mambo yaishe. Hasara ipo. Cherero wa Fischer yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Sababu kubwa ni ule unasaji niliouzungumzia. Kujua hali yake kunategemea hesabu: wangapi wameonekana, wapi, lini. Siku hizi hesabu hizo hutokana kwa sehemu kubwa na watu wa kawaida wanaotuma walichoona kwa simu zao. Ikiwa kila mtu anayepita Naivasha ataandika "cherero wa Fischer" kwa kila ndege wa kijani mwenye uso wa rangi rangi, basi kwenye ramani ndege huyu ataonekana anastawi na kuenea hadi Kenya, wakati katika nchi yake ya asili huenda anapungua. Ramani itatufariji kwa jambo lisilo kweli. Na siku itakapolazimu kuwarudisha ndege mahali walikopungua, mtu asiyejua atawachukua wa Naivasha, akawapeleka Serengeti, akawachanganya na wale halisi. Hilo likitokea halina marekebisho.

Kuna pia hasara ya pili, ambayo wenyeji wa miti ile wanaijua. Cherero hachongi tundu lake mwenyewe. Hutegemea matundu ya asili, au yaliyochongwa na vigogota na zuwakulu, na akishaingia hatoki kwa urahisi. Watafiti waliofanya kazi Naivasha katika miaka ya 1980 waliliona hilo suala la kugombea matundu kati ya cherero wageni na ndege wenyeji kuwa zito kiasi cha kulichunguza na kuliandikia. Kwa hiyo hata idadi ya machotara yenyewe ina maana, na hatutaijua kama tunawaandika kwa jina la mtu mwingine.

Nimewazungumzia cherero kwa kirefu kwa sababu kwao kosa ni letu sisi wanadamu. Lakini msikilizaji, hata pale ambapo mkono wa mtu haujaingia, maumbile yana ndege wanaotushinda kwa kufanana. Wapo wale fumbwe weusi wadogo wanaokaa karibu na nyumba na mashamba. Dume wakati wa kuzaa ni mweusi mwili mzima, na jua likimpiga manyoya hutoa mng'ao wa buluu, au zambarau, au kijani. Jike ni wa kahawia yenye michirizi na huwezi kumtofautisha na jike wa spishi nyingine kwa macho. Hata madume tofauti zao ni ndogo: rangi ya mdomo, rangi ya miguu, mng'ao. Ukiwa mbali kidogo, wote ni ndege weusi juu ya waya wa umeme.

Wanaowajua wanawatambua kwa masikio. Fumbwe hawa hawajengi viota. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine mdogo, mara nyingi kati ya wale wekundu wanaookota punje uani, na kila spishi ya fumbwe mweusi ina mwenyeji wake. Kinda analelewa pamoja na watoto wa mwenyeji, na akiwa dume hujifunza wimbo wa baba mlezi. Akikua, anapanda juu ya mti na kuimba nyimbo zake akizichanganya na zile za mlezi. Jike aliyelelewa na mwenyeji wa aina ile ile anavutwa na wimbo huo huo, maana ndio aliousikia kiotini. Jürgen Nicolai wa Ujerumani alilifumbua jambo hili katika miaka ya 1960, na Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan akalifuatilia kwa miongo mingi barani Afrika na katika vizimba vya utafiti. Aliwapa makinda wa fumbwe walezi wageni kabisa, ndege wadogo wa kufugwa wenye asili ya Asia, na madume walipokua waliimba wimbo wa walezi hao wageni.

Fikiri maana yake. Jike akikosea siku moja, akataga katika kiota cha mwenyeji wa spishi nyingine, mtoto wake atakua akiimba wimbo wa ukoo usio wake, na jike wa ukoo huo atamjia. Watoto watakaozaliwa ni machotara, na kwa rangi hakuna atakayewajua. Hapa tunaona kwamba mpaka kati ya spishi na spishi wakati mwingine haupo mwilini. Upo katika wimbo uliojifunzwa utotoni. Naliheshimu sana jambo hili. Limenifanya nijizoeze kusikiliza kwanza kabla ya kuinua darubini.

Na kwa kuwa nimetaja kusikiliza, siwezi kuacha Kilombero. Katika mabonde ya mafuriko ya mto Kilombero, mkoani Morogoro, kuna ndege wadogo wa majanini wa jamii ya sistikola. Sistikola ni mtihani wa watazama ndege wote wa Afrika: ziko spishi zipatazo 50, karibu wote wa kahawia, wengi na michirizi mgongoni, wadogo, na hujificha. Mwaka 1930 Hubert Lynes, aliyekuwa ofisa mwandamizi wa jeshi la majini la Uingereza, alichapisha kazi kubwa ya kuwapanga, na hadi leo anayewasoma ndege hawa huanzia hapo. Lakini Lynes hakuwamaliza. Tangu miaka ya 1980, Neil na Liz Baker, wanaojulikana kwa kazi yao ya kutengeneza ramani za ndege wa Tanzania, walikuwa wanajua kuwa Kilombero kuna sistikola wawili wasiolingana na yeyote aliyeandikwa. Sauti zao zilikuwa tofauti. Eneo hilo hilo lilikuwa limetoa ndege mwingine mpya wa jamii ya mnana, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990.

Hao sistikola wawili walipata majina yao rasmi mwaka 2021. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 30 ndege wanaonekana, wanarekodiwa, wanazungumzwa, na hawana jina. Muda wote huo ilikuwa rahisi mtu kuwaandika kwa jina la sistikola anayefanana nao na kupita. Kama waliowaona mwanzo wangefanya hivyo, leo tusingekuwa na spishi mbili ambazo zinajulikana Kilombero tu, tusingekuwa na sababu hiyo ya kulilinda bonde ambalo mashamba na mifugo vinazidi kulisogelea. Waliandika walichokiona, pamoja na kwamba hakikuwa na jina, wakasubiri.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katika kazi hii ya ndege, jina lisilo na uhakika ni baya kuliko kutokuwa na jina. Jina la kukisia hufunga mlango. Mtu anayefuata akiliona katika orodha hana njia ya kujua kuwa lilikisiwa. Lakini mtu akisoma "cherero, kichwa kahawia, koo machungwa, ukosi wa manjano haukukamilika", anaweza kufanya kazi na maneno hayo hata baada ya miaka 20.

Niseme basi jinsi ya kuliandika, maana najua wapo wanaosikiliza wakiwa na daftari, na wengine wana programu za simu za kuhifadhi kumbukumbu za ndege. Ukimwona cherero Naivasha, au Mombasa, au popote nje ya kwao, anza na paji la uso: ni machungwa safi, kahawia, au jeusi? Shuka mashavuni na kooni, halafu zunguka nyuma ya shingo uutafute ukosi wa manjano. Je, umezunguka wote au umekatika? Mtazame akiruka uone buluu iliyo juu ya mkia. Chunguza shina la mdomo kama lina weusi, kwa sababu huenda ni kinda. Andika saa na upande wa jua. Piga picha zaidi ya moja, na usitupe ile mbaya, maana picha yenye ukungu wakati mwingine ndiyo inayoonyesha kiuno. Hesabu kundi zima, kisha useme ni wangapi kati yao ulioweza kuwatazama vizuri. Simu ikikuletea jina la ndege anayefanana zaidi, lichukulie kama pendekezo. Programu kubwa kama eBird ina nafasi ya kuandika kwamba ndege ni chotara, na nafasi ya kuandika kwamba ni huyu au yule bila kuchagua. Nafasi hizo zitumike. Ziliwekwa kwa ajili ya cherero kama hawa.

Na usiogope kuonekana hujui. Vijana wengi wanaoanza kazi ya kuongoza wageni hupata shida hapa. Mgeni amelipa, ameuliza, na kijana anaona aibu kusema kuwa ndege huyu hana jina moja. Mdogo wangu, mwambie mgeni ukweli wote: kwamba hawa ni watoto wa spishi mbili za Tanzania zilizoletwa na watu, kwamba kwa macho huwezi kugawa damu yao, na kwamba anaowaona wanaishi katika miti isiyo ya babu zao. Mgeni ataondoka na habari kubwa kuliko jina. Nimewaona wageni wakisahau ndege ishirini waliotajiwa kwa haraka, wakabaki wanauliza juu ya cherero mpaka jioni.

La mwisho ni kwa wenye ndege nyumbani. Biashara ya kunasa cherero wa Tanzania na kuwapeleka nje ilibanwa baadaye, na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Hata hivyo vizimba bado viko vingi mijini, na ndege waliozaliwa kizimbani wanauzwa kila siku. Mtu akihama nyumba, au watoto wakikua na kupoteza hamu, hufungua mlango wa kizimba akiamini anatenda wema. Si wema. Ndege huyo akifa, amekufa kwa njaa mahali asipopajua. Akiishi, ataingia katika tundu la ndege mwenyeji na kuoana na asiyepaswa kukutana naye, na uzao wake hatutaweza kuurudisha nyuma. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu: kama una cherero na umeshindwa kumtunza, mtafutie mfugaji mwingine atakayemtunza, au mpeleke kwa daktari wa mifugo au kwa watu wa wanyamapori walio karibu nawe. Usimwachie. Na kama bado hujanunua, usimnunue aliyenaswa porini, hata bei ikiwa nzuri na muuzaji akiwa jirani yako.